Wimbo wa Kuingia Nao Chumba cha Upasuaji

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Wanakwaya nawaona mmekaa pale mbele. Leo nitawagusa kidogo, basi mnisamehe kabla sijaanza. Wengi mnanijua, nusu ya magauni niyaonayo hapa nimeyashona mimi pale sokoni Mwanga.

Ndugu zangu, mimi niliumwa nikaficha. Damu ilinitoka siku kumi, siku kumi na tano kwa mwezi, nikawa nafunga kanga mbili chini ya sketi na kusema nimechoka tu. Siku nilipoanguka juu ya cherehani ndipo nilipofikishwa hospitali. Wakakuta uvimbe kwenye kizazi. Daktari akasema utolewe mapema, maana damu mwilini imebaki kidogo. Wakaniongezea.

Nawaambia ukweli, kisu sikukiogopa sana. Niliogopa sindano ya mgongo. Niliambiwa miguu itakufa ganzi, halafu nitalala macho, nasikia kila kinachosemwa huku wananipasua. Nani anaweza hiyo? Tangu siku ile usingizi ulinikimbia, na uji nao haukushuka. Nilikuwa nawaza wanangu watatu tu, nani atamlea nani.

Siku ikafika. Wakanivika lile gauni linalofungwa nyuma (kama fundi niseme tu, aliyelishona hakupima mtu), wakanisukuma hadi ndani. Wakanifunga kile kitambaa cha kupima presha mkononi. Kikabana, kikabana. Muuguzi akaangalia namba, akamwita mwenzake.

"Mama, una presha siku zote?"

"Sina."

Ilikuwa juu mno. Wakanirudisha wodini na vidonge, wakasema tungoje siku tatu.

Hapo ndipo wanakwaya mlipokuja. Mungu awabariki, mlikuja wote, na machungwa juu. Mlikuwa mmesikia kwamba muziki unamtuliza mgonjwa, na muuguzi akakubali niingie na simu na hedfoni. Mkaimba pale nje ya wodi, mkanirekodia nyimbo tano. Nilifurahi jamani! Siku ya tatu nikasukumwa tena, nikaweka hedfoni masikioni, nikafumba macho, nikabonyeza.

Ndugu zangu, mlianza na ule tunaoimba jeneza likishushwa.

Ego, ndiyo, chekeni. Mimi sikucheka. Najua mliuchagua kwa sababu ni mtamu na besi inaingia vizuri. Lakini wimbo ule nimeuimba kaburini kwa mama yangu, nikauimba tena kwa mume wangu. Masikio yalipousikia, mwili wote ulijua unapelekwa wapi. Nikaona udongo. Nikavuta waya, simu ikaanguka sakafuni. Presha ikapanda kuliko mara ya kwanza, nikarudishwa tena.

Jioni daktari alikuja kitandani kwangu. Hakugomba. Alisema, "Mama, damu tunayokuwekea ndiyo hiyo unayoimwaga. Hatuna muda mwingi." Nililia mpaka nikajionea aibu.

Baada yake akaja mtaalamu wa dawa za usingizi na ganzi, binti mdogo tu, ningeweza kumzaa. Akaniuliza swali ambalo hata mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. "Mama, ukiwa na kazi ngumu, gauni la bibi harusi linasubiriwa na hutakiwi kukosea, huwa unasikiliza nini?"

Jibu nililijua, lakini lilinitia haya. Jirani yangu pale sokoni ni mzee wa Ujiji, Mwislamu, fundi wa kanzu. Kutwa nzima anapiga taarab. Miaka sita nimegombana naye. Nimemwita mpiga kelele mbele ya wateja wake, nimemshtaki hadi kwa mwenyekiti wa soko. Na katika miaka hiyo sita, wapendwa, nguo zangu zote ngumu nimezishona taarab ile ikipigwa. Ijumaa mchana anapoizima kwenda msikitini, ndipo ninapojichoma sindano.

Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba jirani. Pole, tumesikia."

Nikamweleza shida yangu. Nikajua leo ananilipiza. Akasema, "Miaka sita unaniambia zima. Leo unaniambia washa?" Kisha akacheka. "Mgonjwa hagombwi. Nakuja."

Akapanda bodaboda, mzee yule mwenye magoti mabovu, akaniletea memori kadi yake yenyewe.

Mara ya tatu niliogopa vile vile, sitawadanganya. Vidonge vya presha nilikuwa nimemeza. Lakini taarab ilipoanza, vidole vyangu vilianza kwenda vyenyewe juu ya shuka, vinasukuma kitambaa. Kile kipimo kikabana mkono. Nikangoja. Binti akatazama namba, akaitazama tena, akamwambia daktari, "Tunaweza kuanza." Sindano ya mgongo iliuma, nikaendelea kushona. Nilisikia vyuma vikigongana kwa mbali, na mimi niko kwenye pindo. Kesho yake, waliponiamsha nitembee na mshono unawaka moto, nilipewa dawa ya maumivu, nikaiongezea taarab, nikafika mlangoni na kurudi.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, yule binti zaidi. Nawashukuru ninyi wanakwaya, maana mlikuja, na wengine hawakuja. Yule mzee nimemwomba radhi mbele ya wateja wake wale wale. Amenisamehe, ila sauti ya redio ameongeza.

Nililojifunza ni hili: tukienda kwa mgonjwa tunabeba tunachokipenda sisi. Tumuulize kwanza.

Kuna mwenzetu hapa ndani anayefanyiwa upasuaji Alhamisi, na ameniruhusu niseme. Nimesikia kwaya imeshaanza mazoezi ya nyimbo za kumrekodia. Mama, nakuona ulivyoibana hiyo leso mkononi. Hofu hiyo naijua. Usituangalie usoni, wala usiogope kwamba kwaya itakasirika. Sema tu: ukiwa peke yako na kazi yako, unasikiliza nini?

Tunakungoja.