Aliyekataa Kuwaacha Waliolala: Bochaberi Edith Kerosi, 1981–2025

Marehemu Bochaberi Edith alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1981, mjini Migori, saa ile sisi Wasabato tulikuwa tukitoka kanisani. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Bogonko, aliyetoka Kisii akaja kuuza ndizi soko la Migori, na wa mdogo wangu Nyakerario. Mama yake alifariki mwaka 1990. Mtoto akaletwa kwangu, ana sanduku la bati na kidonda mguuni. Mimi Pauline Nyamoita niliishia darasa la saba, lakini nakumbuka vizuri, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Shemeji yake Mayaka ameniomba, "Mama, mambo ya Sindo yatoe." Nimekataa. Bochaberi mwenyewe hakuyaficha, mimi nitayaficha kwa nini?

Alisoma shule ya msingi hapa Migori, akapata alama 512 kati ya 700 mwaka 1995, na wale waliosema mtoto wa kulelewa hasomi wako hapa leo, nawaona. Mwaka 1992 niliugua malaria kali. Aliketi kando ya kitanda changu siku mbili, akihesabu pumzi zangu kwa sauti, mpaka nikamwambia, "Ninyamazie basi, nife kwa utulivu." Akajibu, "Ukifa nitajuaje nikinyamaza?" Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha tiba cha KMTC Kisii mwaka 2001, na mwaka 2009 akaenda Nairobi kusomea kazi ya kulaza wagonjwa wanaopasuliwa. Huku kwetu wanamwita daktari wa usingizi.

Alifunga ndoa na Kerosi Oyaro, mwalimu, Jumapili tarehe 18 Desemba 2005. Bwana harusi alichelewa kwa sababu ya matope, na bibi harusi akalala usingizi kwenye kiti cha mbele, shela na yote. Alikuwa ametoka zamu.

Tangu 2010 alifanya kazi katika hospitali moja upande wa ziwa, kaunti ya Homa Bay. Tarehe 9 Agosti 2022, siku ya uchaguzi, wenzake walikuwa wamekwenda kwao kupiga kura, akabaki peke yake na thieta mbili, vyumba vya upasuaji. Mchana aliletwa Lorine, mwenye miaka ishirini na sita, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sindo. Bochaberi alimdunga sindano ya mgongo, mtoto akatolewa mzima, msichana. Ndipo akaitwa chumba cha pili, kuna mama anavuja damu. Aliambiwa akimbie, akakimbia. Dawa ya mgongo ikampanda Lorine mpaka kifuani, na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kilikuwa kimechomoka. Muuguzi alikuwa akishughulika na mtoto. Ni dakika saba. Aliporudi, Lorine alikuwa amekwisha.

Karatasi ya hospitali iliandikwa kwamba presha ilishuka ghafla. Bochaberi alikwenda kwenye mazishi Sindo, peke yake, kila mtu amemkataza. Alimweleza Orpah, mama yake Lorine, mbele ya watu.

"Ulikuwa wapi?" Orpah akauliza.

"Chumba cha pili, kwa mama mwingine."

"Huyo yuko hai?"

"Yuko hai."

Orpah akamwonyesha njia kwa kidole. "Nyar Migori," akasema, yaani binti wa Migori, "ondoka kabla wanangu hawajasimama. Usirudi hapa. Lakini huko kazini kwako, usitoke tena."

Bochaberi aliandikiwa barua ya onyo, akahamishiwa upande wa Kuria. Mwaka mzima hakucheka. Alisoma utafiti kwenye simu jinsi wengine wanavyosoma siasa. Siku moja akanisomea mmoja, uliofanywa katika nchi nyingi za Afrika: mama anayepasuliwa ili ajifungue kwetu yuko katika hatari ya kufa karibu mara hamsini zaidi ya yule wa nchi tajiri. Nikamuuliza kama ni dawa mbaya. Akasema, "Mama, dawa ni hizo hizo mara nyingi. Ni viti. Pale kwenye kichwa cha mgonjwa kuna kiti, na hakina mtu." Hospitali yao ilipoingizwa katika utafiti wa kufuata kila mama aliyepasuliwa kwa siku saba, yeye ndiye aliyejaza fomu, na jambo baya alilijaza kama lilivyo.

Tangu hapo hakukubali kulaza wagonjwa wawili kwa wakati mmoja. Wengine walimwona mkaidi. Walimbandika jina, Madam Usitoke. "Madam Usitoke, hata chai hutoki?" Alikuwa anajibu, "Ileteni hapa." Kabla ya kumlaza mtu alimwambia ahesabu ng'ombe wa baba yake kwa rangi zao. Mzee Mirumbe wa Kehancha alifika wa kumi na mbili akalala. Alipoamka aliendelea pale pale, akafika kumi na nane, akapiga kelele: "Niliingia humu na kumi na tisa! Ile ya madoa nani amechukua?" Siku hiyo Bochaberi alicheka tena, akanipigia simu kunieleza akashindwa kumaliza.

Alikuwa na vidonda vya tumbo tangu 2019, akavitibu kwa maziwa na dharau. Jumanne, tarehe 9 Septemba mwaka huu, kidonda kilitoboka. Tulifika hospitalini kwake saa tatu asubuhi. Daktari wa usingizi alikuwa mmoja, Joash, ambaye Bochaberi mwenyewe alimfundisha. Wakati huohuo akaletwa mama, kamba ya kitovu imetangulia kabla ya mtoto. Wapasuaji walikuwa wawili, na mmoja akasema, "Joash, mlaze Edith, halafu ruka pale kwa yule mama. Ni hatua kumi."

Bochaberi alisema akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, "Hatua kumi nazijua. Nenda kwake kwanza. Ukimaliza, uje kwangu mzima."

Nikamwambia, "Bochaberi, wewe una watoto."

"Na yeye je, Mama?"

Alingoja saa mbili na dakika arobaini. Mama yule na mtoto wake wako hai. Daktari anasema sumu ilikuwa imeanza kuingia kwenye damu tangu jana yake, na kwamba huenda kungoja hakukubadilisha kitu. Huenda. Mimi siku ile sikukubaliana na Bochaberi, na leo bado sijakubali. Joash alipotaka kumlaza alimwambia ahesabu ng'ombe. Akasema, "Baba aliuza ndizi, sina ng'ombe. Wewe usitoke tu." Hakuamka. Alifariki Alhamisi, tarehe 11, saa kumi jioni.

Ameacha mume wake Kerosi; watoto watatu, Terry, Oyaro na Mellen; baba yake Mzee Bogonko; kaka mmoja; na mimi. Yuko pia mtoto wa Lorine, kule Sindo kwa nyanya yake. Bochaberi alimwombea kila Ijumaa jua likizama. Sikujua nimwandike kwenye orodha gani, nimemwandika hapa.

Orpah hakuja. Alipiga simu jana, akauliza jambo moja tu: "Alikuwa na mtu?" Nikamjibu, alikuwa na Joash, siku zote tatu. Akasema, "Haya," akakata.

Tangu asubuhi Joash ameketi kwenye kichwa cha jeneza. Wazee wa ukoo wameuliza huyu ni nani, si wetu, mbona amekalia kiti cha familia. Mwacheni hapo.

Lala, Bochaberi. Kiti kina mtu.