Historia ya Mwalimu Matope, Aliyeshuka Kwanza

Waombolezaji wenzetu, poleni na msiba, na poleni na miguu pia, maana najua wengi wenu mmevuka korongo viatu mkononi na nguo mmezikunja hadi magotini, na marehemu angekuwapo angesimama pale ukingoni akimwuliza kila mmoja kama alipima kina kabla ya kuingia. Familia imenipa mimi, shemeji yake, mdogo wa mjane, kazi ya kusoma historia hii, wakanionya nisitie utani, nami nimeahidi kujitahidi, ila mimi na marehemu tumetaniana miaka arobaini na siwezi leo kumsindikiza kwa mdomo wa karani. Kwa siku nne nyumba hii imekuwa na swali moja, kwamba mvua zote hizi atavukaje korongo, na ni nani atakayemwendesha. Waliokuwa ukingoni asubuhi wameliona jibu, na waliochelewa watalisikia, lakini kila kitu kwa mpangilio wake.

Marehemu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Mwalimu Matope, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1953, katika chumba cha pili cha nyumba hii iliyo nyuma yangu, chenye dirisha linalotazama korongo, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba aliyekuwa seremala na mama aliyekuwa mkulima.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya korongo kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na kwa kuwa masika maji yalijaa, wenzake walimtanguliza na fimbo kupima kina, si kwa ujasiri wowote bali kwa sababu alikuwa mrefu, na dada yake mkubwa, aliyeketi hapa mbele, anashuhudia kwamba hakuwahi kumvusha mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe hajapakanyaga. Elimu ya sekondari aliipata mwaka 1968 hadi 1971, akiwa bwenini, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1972, akahitimu mwaka 1974 na cheti cha umakanika ambacho alikitundika sebuleni juu ya picha ya harusi, jambo ambalo dada yangu hajalisamehe hadi leo.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa na kampuni ya kuuza magari, akaanza kwa kuyaosha, baada ya miezi saba akaingizwa karakana, na mwaka 1981, kwa ule urefu wake na ulimi wake, akahamishiwa ukumbi wa mauzo, chumba cha vioo pande tatu chenye vigae vilivyopigwa deki mara mbili kwa siku, na magari yaliyopanguswa mpaka ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Miaka ile kampuni iliamua kwamba magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, haya tunayoyaita fowili, yauzwe kama magari ya heshima, ya wakubwa, na ukutani likatundikwa bango la bwana mmoja mwenye suti amesimama kando ya gari juu ya mwamba, na hakuna aliyeuliza alipandaje. Marehemu alimwambia meneja wake kwamba wanunuzi wa fowili wako namna mbili, wapo wanaotaka kuonekana na wapo wanaotaka kufika, na kwamba wa kwanza hununua mara moja na kuringa, lakini wa pili hurudi kila mwaka na kumleta jirani. Meneja akamjibu kwamba yeye auze, asihubiri.

Tarehe 9 Aprili 1983, siku ya Jumamosi, kampuni ilifanya maonyesho katika uwanja ulio nyuma ya karakana, likachimbwa dimbwi na boza likamwaga maji, wateja wakakalishwa chini ya turubai, meneja akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba gari hili halijui kukwama, na marehemu, ndani ya suti nyeupe aliyoishonesha kwa siku hiyo, pamoja na viatu vyeupe, akaingia dimbwini kwa mbwembwe. Kwa wasiojua, fowili za wakati ule zilikuwa na habu kwenye magurudumu ya mbele, ambazo ni lazima dereva ashuke azifunge kwa mkono ndipo magurudumu hayo yavute, la sivyo utaingiza gia ya fowili mpaka uchoke na gari litavuta kwa nyuma tu. Marehemu alilijua hilo kuliko mtu yeyote uwanjani pale, lakini kushuka kulimaanisha kuchafua viatu, akasema liwalo na liwe, na kweli likawa. Gari lilizama hadi tumboni, akakanyaga mafuta likazidi kuzama, tope likaruka likamkuta meneja na kipaza sauti chake, na katikati ya vicheko sauti moja ya kike ikapaa kutoka nyuma ikiuliza, "Kaka, habu umefunga?"

Sauti hiyo ilikuwa ya dada yangu, muuguzi aliyekuwa akizunguka vijijini na gari la zahanati, ambaye alivua viatu, akaingia topeni, akazifunga habu zote mbili mbele ya umati, akamwagiza arudi nyuma taratibu na aache kabisa kukanyaga mafuta, na gari likatoka. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu mjini aliyemwita tena kwa jina la baba yake, akawa Matope, na mwanzoni lilikuwa jina la kumcheka. Yeye alilipokea. Juma lililofuata alimfuata muuguzi huyo zahanati kumshukuru, akarudi juma la pili kumshukuru tena, na alipofika mara ya tano mimi nikamwuliza kama shukrani haziwezi kutumwa kwa barua, naye akaniambia, "Shemeji, wewe nyamaza," wakati hata posa hajaleta.

Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, na wakajaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1985, na mapacha wa kiume waliozaliwa tarehe 20 Julai 1989.

Kabla ya ndoa hiyo, mwezi Februari mwaka uleule wa 1984, marehemu alikuwa ameishawishi kampuni impe machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ili kila anayenunua fowili afundishwe siku mbili kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na meneja aliyeogopa kwamba kumtia mteja matopeni ni kumvunjia hadhi aliona kwa macho yake jinsi zahanati, wapimaji ardhi na wenye mashamba walivyoanza kuja wenyewe, hadi mwaka 1990 bango la mwamba likashushwa, ikapandishwa picha ya gari lililotapakaa tope na muuguzi akishuka mlangoni. Muuguzi huyo ni dada yangu, na anasema picha haikumtendea haki. Somo la kwanza la marehemu lilikuwa maneno mawili, shuka kwanza, yaani zima gari, teremka, tembea kwa miguu yako pale unapotaka gari lipite, kisha funga habu, ndipo uongee habari za gia. Alisema kukwama si aibu, aibu ni kukanyaga mafuta ukiwa umekwama, maana kila unapokanyaga unajichimbia kaburi, na mtu akimwambia kwamba mwenda pole hajikwai, alijibu kwamba mwenda pole kwenye mchanga huzama. Alifundisha hadi alipostaafu tarehe 30 Novemba 2013, na daftari lake lina majina ya wanafunzi elfu moja mia moja na kumi na wanne, mabwana wakubwa, wauguzi, watawa wawili na hakimu mmoja aliyelia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupaziwa sauti.

Sasa nifike mahali ambapo familia ilisita kama nisome au niruke, na binti yake mwenyewe akasema nisome. Tarehe 17 Juni 2006 marehemu alimchukua binti yake machimboni kumfundisha, binti akiwa na umri wa miaka ishirini, na wanafunzi wa siku hiyo wakitazama, binti akaachia klachi mapema, gari likaserereka na kuingia mtaroni. Jambo hilo lilikuwa limewatokea wanafunzi mia na akawacheka kwa upole, lakini kwa damu yake mwenyewe, mbele ya watu, alipayuka, akamwambia kwamba anamtia aibu, mtoto wa Matope mzima hajui klachi. Nilikuwapo, na nasema wazi mbele ya jeneza lake kwamba alikosea, na nilimwambia hivyo akiwa hai. Binti alishuka, akamwekea ufunguo kiganjani, akasema hatashika usukani tena, akatembea kwa miguu hadi barabara kuu.

Akaja kuwa mfamasia, akapangiwa kazi mbali, na kwa miaka kumi na minne alipanda magari ya watu, akaja nyumbani kwa heshima zote, akamwamkia baba yake, akampikia, lakini habari ya gari haikutajwa mezani. Mganga hajigangi. Yule aliyewafundisha watu elfu moja kushuka, yeye mwenyewe alijaribu kila kitu, akamtania, akanuna, akamtumia dereva wa kumpokea kituoni, akamnunulia saa, kila kitu isipokuwa kushuka, na dada yangu alimwambia mara nyingi, "Baba watoto, bado unakanyaga mafuta."

Tarehe 6 Septemba 2020 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa ameinama anafunga habu za gari lake la kijani, lile kuukuu alilouziwa na kampuni alipostaafu, akalazwa hospitali majuma sita, na aliporudi upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yamempotea kabisa, mtu aliyeishi kwa ulimi, jamani, iliuma kumtazama. Binti aliomba uhamisho ili amuuguze, akamlisha, akamwogesha, akamfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, na tarehe 2 Januari 2021, baada ya siku nyingi za kuandika maji na uji, marehemu aliandika kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza, "Siku ile nilikanyaga mafuta. Nisamehe." Binti alisoma, akaenda jikoni, akakaa huko kitambo, na aliporudi macho mekundu alikuwa ameshika ufunguo wa gari la kijani.

Kuanzia Jumapili iliyofuata, kwa miaka mitatu, walikwenda machimboni wawili, mwalimu asiyeweza kusema na mwanafunzi mwenye umri wa miaka thelathini na mitano, na baba akamfundisha kwa kugonga dashibodi kwa mkono wa kushoto, kugonga mara moja maana yake simama, shuka ukatazame, na kugonga mara mbili maana yake njia nzuri, nenda. Jina la mwisho katika daftari lile, la elfu moja mia moja na kumi na tano, ni la binti yake, limeandikwa kwa mkono wa kushoto.

Mwezi Machi mwaka huu hali yake ilibadilika, figo zikadhoofu, na tarehe 4 Mei 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, marehemu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini, miezi mitano na siku ishirini na tatu, mkewe akiwa amemshika mkono wa kushoto.

Leo, tarehe 8 Mei, gari la kubebea maiti lilifika ukingo wa korongo saa mbili asubuhi, dereva wake akatazama maji na kusema haki ya Mungu haingii, na mmoja wa mapacha, mwenye fowili mpya ya vitufe ambayo mnaiona kule ng'ambo jinsi inavyong'aa, akasema labda tusubiri kesho. Wazee wakataka tumbebe mabegani, na saa ile maji yalikuwa bado kiunoni. Ndipo binti akalisogeza gari la kijani, akaomba jeneza lihamishiwe nyuma, akazima gari na kushuka, akavua viatu, akaokota fimbo, akaingia majini peke yake, akavuka, akarudi kwa njia nyingine, akaondoa jiwe moja, akafunga habu ya kushoto, akafunga ya kulia. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni yake nikiukumbatia mlango, na tulipoanza kuingia majini nilimwambia, mwanangu, kanyaga mafuta, naye akanijibu, "Mjomba, tulia," sauti ileile ya mama yake uwanjani, akagonga dashibodi mara mbili, akaliachia gari lipande kwa gia nzito, polepole, bila kulilazimisha. Tulipotokea huku juu nilikuwa nalia, na sioni haya kulisema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya wanaume na wa kliniki ya figo, majirani waliotoa vyumba na turubai na kupika tangu Jumamosi, wafanyakazi wenzake wa karakana na ukumbi wa mauzo, na wanafunzi wake mliotoka mbali, na wenye magari ng'ambo wasihangaike, binti atawavusha wazee kwa zamu, ila atakayempigia kelele njiani atashushwa.

Kabla jeneza halijateremshwa, binti yake ataweka mkono juu ya kifuniko na kukigonga mara mbili, na sasa nanyi nyote mnajua maana yake. Nenda, shemeji yangu, Mwalimu Matope, njia imetazamwa, ukapumzike kwa amani.