Maisha ya Ladislaus Ngowi, Ambaye Hakupanda Kilimanjaro

Baba Padri, wafiwa wenzangu, majirani wa Tensta hapa Stockholm, na ninyi wa chama cha wapanda milima mliokuja na viatu vyenu vya mlimani kwa heshima yake, mimi ni Damian Temba, mdogo wake Theresia, mke wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu. Getrude, aliyekaa nanyi pale nyuma, atawafasiria kwa Kiswidi, nami nimemwomba asipunguze neno, hata likimchoma.

Ladislaus Kornel Ngowi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1938 huko Kibosho, chini ya mlima Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kornel na Mama Apolonia, akabatizwa mwezi huohuo, akaanza shule ya misheni mwaka 1946, na kumaliza shule ya kati mwaka 1954. Tuliokulia kule tunajua kwamba mlima tuliuona kila asubuhi tukienda kukata majani ya ng'ombe, na kuuona ndiyo basi, maana kupanda ilikuwa kazi ya Wazungu na wapagazi wao, na mtoto aliyepenya msitu wa juu alichapwa akirudi. Baba yake mkubwa alikuwa mpagazi, akirudi alisimulia habari za barafu na watu waliolewa urefu wa mlima, na Ladislaus alizisikiliza mpaka akazijua zote kwa moyo.

Mwaka 1956 aliajiriwa katika hospitali moja ya Moshi, akajifunza kutengeneza meno bandia, na mikono yake ilikuwa mizuri kweli, hilo nalisema bila kumpamba. Tarehe 18 Januari 1964 alifunga ndoa na dada yangu Theresia katika kanisa la Kibosho, mwaka uliofuata wakapata Agripina, na Septemba 1966 alikuja Stockholm kwa mafunzo ya ufundi huohuo, akapata kazi katika karakana ya meno, akawaleta mke na mtoto mwaka 1968, na mtoto wao wa pili, Januari, akazaliwa hapahapa mjini mwaka 1970, mwaka waliohamia Tensta.

Sasa, jamani, nivumilieni, nafika mahali ambapo ningependa mtu mwingine angeshika karatasi hii.

Bibi Gunvor, kiongozi wa kikundi chenu, alikuwa akifanya kazi naye karakana moja, na siku moja ya mwaka 1967 alimuuliza kwao ni wapi, naye akajibu ni Kilimanjaro, kama yeyote kati yetu anavyojibu, Bibi Gunvor akapiga makofi akidhani anaongea na mpanda mlima, na shemeji hakumsahihisha. Alipoulizwa amefika kileleni mara ngapi, akatoa hadithi za baba yake mkubwa akazifanya zake. Pasaka iliyofuata walimchukua, wakapanda treni ya usiku kwenda milima ya kaskazini, na kila mwaka ikawa hivyo, wanalala katika nyumba ya mbao, asubuhi wanapanda, jioni wanarudi, na machungwa yao na chai ya themosi, wakiwa wameungua pua kwa jua la theluji. Alitangulizwa mbele apige hatua katika theluji na wengine wakanyage palepale, naye alifuata alama za waliopita jana yake, basi. Dada anasema aliipenda milima ile kwa dhati, alikuwa akirudi anacheka peke yake jikoni, nami namwamini.

Mwaka 1973 shemeji alimwalika kwenye safari hiyo Petero Mukasa wa Fittja, kitongoji kingine cha mji huu, aliyekimbia Uganda miezi michache kabla, ambaye Kiswidi kilikuwa bado hakijamkaa mdomoni, lakini kwa Kiswahili walielewana vizuri. Siku ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 23 Aprili, jua lilikuwa kali. Wenyeji wa milima ile wana utaratibu wao, kwamba theluji ya majira haya hugandishwa na baridi ya usiku ikambeba mtu asubuhi, lakini jua likishaipiga inakuwa uji, kwa hiyo mchana ukikaribia watu hugeuka, hata kama kilele kiko puani. Bibi Gunvor alitaka wageuke, ila kwanza akamuuliza Ladislaus, mtu wa Kilimanjaro, na Ladislaus, ambaye theluji ya kwanza kuishika ilikuwa ya barabarani hapa Stockholm, akamjibu kwamba kwao jua si kitu, watu hupanda mpaka juu. Wakaendelea, wakafika, wakapigana picha.

Wakati wa kushuka Petero alikuwa nyuma kabisa, kwa sababu alimpokea mwenzake aliyechoka mzigo wake, na alipokanyaga hatua ileile waliyoikanyaga wote, theluji ikakatika naye, akaporomoka hadi kwenye mawe ya kijito, akavunjika mguu, na kabla ya sleji ya uokoaji, ile machela ya kuburutwa juu ya theluji, kufika baridi ilikuwa imeshaviharibu vidole vya mguu wake wa kushoto, vikakatwa.

Katika kikao cha chama waliuliza kosa lilikuwa la nani, wakamgeukia mtaalamu, na mtaalamu akasema Petero aliiacha njia.

Loo, shemeji! Petero hakuwa na Kiswidi cha kujitetea, akaondolewa kwenye kikundi, akakosa nafasi ya kujifunza udereva wa mabasi aliyokuwa ameahidiwa, na sisi wenyewe, Watanzania wa mji huu, tulimfanyia utani wa Mganda asiyejua kukanyaga, na Ladislaus akiwa amekaa palepale, anacheka na sisi. Akaendelea kupanda kila Pasaka, akialikwa mashuleni kuwaonyesha watoto picha.

Oktoba 1977 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani, akalazwa, na Februari mwaka huu alimweleza mke wake haya yote akilia, akamwomba yasemwe akishaondoka kwa kuwa yeye uso wa kuyasema hakuwa nao. Alifariki tarehe 11 Aprili 1978 alfajiri, Theresia akiwa amemshika mkono.

Juzi Bibi Gunvor alipiga simu akitaka miaka aliyopanda Kilimanjaro, ichongwe kwenye kibao ukutani kwenye ile nyumba ya mbao. Mimi nilishauri tutaje miaka yoyote tumzike kwa heshima, dada akanitazama mpaka nikainamisha kichwa, kisha akaenda Fittja mwenyewe kumsihi Petero aje leo, bila kumwambia kwa nini. Kibao kisichongwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Tensta mliotuletea chakula na kukaa na watoto, wenzake wa karakana mliokuwa mkimtembelea wodini, na ninyi wapanda milima, mliompenda mtu asiyekuwa yule mliyeambiwa, na hilo si kosa lenu.

Petero, kaka yetu, uliyekaa pale karibu na mlango, hukuiacha njia. Familia ya Ngowi na ya Temba inalisema hilo mbele ya watu wote, kwa Kiswahili na kwa Kiswidi, nasi tutakwenda kulisema kwenye chama. Hatukuombi msamaha hapa, kwa sababu mtu akiombwa msamaha mbele ya jeneza hana namna ya kukataa, na wewe umeshanyimwa neno vya kutosha. Njoo nyumbani siku utakayopenda, ukae, useme lolote, hata matusi, tutakusikiliza.

Nawe, shemeji, ulichoshindwa kukisema tumekusemea, na aibu yake tumebaki nayo sisi. Pumzika, na amani ikufikie.