Anton Lukumani na Kipimo Chake cha Mwanga

Marehemu Anton Lukumani alizaliwa Lusu, Nzega, mwaka 1908. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya Bagamoyo. Alisoma kwa mapadri hadi darasa la nne, kisha akaja Tabora kufagia studio ya Mhindi mmoja mpiga picha.

Alifunga ndoa na Apolinaria Kashindye tarehe 2 Juni 1934. Wakajaliwa binti, Josepha.

Mwaka 1938 Mhindi alihama, akamwachia studio, kamera na kipimo cha mwanga, kidude cha kiganjani chenye sindano ya kuonyesha kwa namba tundu la kamera lifunguliwe kiasi gani. Marehemu alikipenda mno. Aliamini kikikaa sandukuni kinaona njaa, hivyo kila asubuhi alikianika kwenye ungo, katikati ya mihogo, kishibe jua. Mwaka 1947 sindano ililala kwenye sufuri, haikuamka tena.

"Mama Josepha," alinong'ona, wateja wakingoja, "jua hili ni ngapi?"

Apolinaria hakuwahi kushika kalamu, lakini miaka tisa ya kumshikia pazia nyuma ya wateja ilimfundisha. Alitazama kivuli cha mkono wake. "Kumi na moja. Likipita wingu, nane."

Marehemu aliinua kipimo kilichokufa, akakikodolea macho, akatangaza: "Kumi na moja!" Mji mzima ukasifu kipimo cha Anton. Mkewe aliitwa mshika pazia, na marehemu hakumsahihisha mtu.

Mwaka 1950 alihamia Sikonge kwa mwanamke mwingine, na kipimo chake mfukoni. Picha za huko zilitoka nyeupe kama uji. Alirudi kwa mkewe, mtaa wa Mtendeni, Tabora, mwaka 1953, akikohoa. Hakuulizwa neno. Alipikiwa, akafuliwa, akageuzwa kitandani.

Mwezi uliopita mdogo wake, Masolwa, alikuja kuulizia studio. "Shemeji hajui hata kusoma. Ataiwezaje kazi ya kipimo?"

Marehemu alijiinua kwa kiwiko. "Kipimo kilikufa zamani, Masolwa. Aliyekuwa akipima ni huyu."

"Homa hiyo, kaka," Masolwa akacheka.

Alifariki hospitalini Tabora, Jumanne tarehe 9 Agosti 1955. Ameacha mjane, binti, mjukuu mmoja, na Masolwa, ambaye jana mbele ya wazee alichagua kipimo kiwe urithi wake. "Kamera abaki nayo shemeji," alisema. "Bila kipimo ni sanduku tu."

Amekabidhiwa kipimo, pamoja na ungo wake.

Studio itafunguliwa Jumatatu. Anton alale, amechoka, na aliyemuuguza amechoka pia. Mwanga wa leo ni nane, asema mshika pazia.