Mama Meza: Dada Yetu Aliyengoja Cheti Miaka Thelathini na Minne

Baba Paroko, masista, viongozi wa jumuiya, majirani na ndugu zangu wote. Mimi ni mdogo wake marehemu, ndiye niliyemfuata kuzaliwa, na karatasi hii nimepewa mimi kwa sababu wanasema sina haya. Shemeji yangu, mume wa marehemu, ameisoma kabla yenu. Nilitegemea afute baadhi ya mistari. Alinirudishia akasema, "Shemeji, isome yote." Basi naisoma yote. Na niseme mapema kwamba tuna majonzi, lakini pia tumetua mzigo. Ipo miaka ambayo tulidhani siku kama ya leo tungesimama hapa bila padri.

Dada yetu alizaliwa Jumapili, tarehe 2 Februari 1964, saa moja asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya katekista, ukuta kwa ukuta na stoo ya kanisa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Katekista huyo alikuwa baba yetu mzazi, na Jumapili hiyo alichelewa ibada kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi. Waumini walimsamehe walipomwona anaingia na ndala miguuni, tena za mama. Mtoto alibatizwa tarehe 16 ya mwezi huohuo, na cheti chake baba akakitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vya wakubwa zake. Nyumbani kwetu ungeweza kupoteza viatu ukasamehewa, lakini si cheti cha ubatizo.

Alisoma shule ya msingi ya masista kuanzia mwaka 1971 hadi 1977. Alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1973 na Kipaimara mwaka 1976. Baada ya hapo alisomea ushonaji kwa masista haohao miaka miwili, 1979 na 1980. Sista aliyewafundisha alimpa siku moja kanzu ya padri, ile yenye vifungo kuanzia shingoni hadi miguuni, thelathini na vitatu. Dada alivishona vyote kwa siku moja, akasifiwa. Aliponyoosha kanzu akagundua kwamba ameanza tundu moja chini, na huku juu shingo inabaki wazi. Hakuna aliyekuwa ameona. Alikaa chini akavikata vyote akaanza upya. Ndivyo alivyokuwa: jambo likipinda kidogo tu, chakula hakimshuki.

Mwaka 1982 alifungua kazi yake kwenye chumba cha mbele, kwa cherehani ya kukanyaga na meza ya kukatia aliyoirithi kwa shangazi. Alishona sare za shule, mashuka ya zahanati, na nguo za wanakwaya ambao kila mwaka walidai kitambaa kimeruka, kumbe ni wao walionenepa. Kwa miaka arobaini alifua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Kina mama Wakatoliki wa parokia hii, skafu zenu za bluu mlizovaa leo ni za mkono wake. Angalieni upindo.

Jina la Mama Meza lilitokana na Alhamisi. Kila Alhamisi Paroko hupeleka Ekaristi kwa wagonjwa majumbani, na lazima mtu atangulie kuandaa meza. Dada alikuwa na kikapu chake: kitambaa cheupe, mshumaa, kiberiti, bilauri ya maji. Alifika kwa mgonjwa nusu saa kabla ya padri, akafagia, akamwosha mgonjwa uso, akamchekesha. Kuna mzee mmoja, fundi saa, aliyegoma kuungama miaka kumi. Dada alimwambia, "Baba, saa za watu wote umezirekebisha, yako tu ndiyo imesimama?" Mzee aliungama siku hiyo, na alichukua muda mrefu kiasi kwamba Paroko alichelewa nyumba tatu zilizofuata.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Mwanamke aliyewaandalia meza wagonjwa wa parokia nzima, yeye mwenyewe hakuwa anapokea Ekaristi. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, upande wa ukutani, ili wenzake wakienda kukomunika wasilazimike kuruka magoti yake. Alishona nguo za Komunyo za wanawe wote watatu, na mara zote tatu alibaki ukutani. Uongozi wa chama cha kina mama hakuruhusiwa, na skafu ya bluu aliyowashonea wengine yeye hakuvaa. Na katika parokia yetu ya miaka ile, asiyefunga ndoa kanisani alizikwa kwa sala ya katekista, bila misa. Hilo ndilo lililomtisha. Hakuogopa kufa, aliogopa kuzikwa hivyo.

Sasa nieleze ndoa. Mwaka 1987 alichumbiwa na fundi wa kuchomelea vyuma, huyu mnayemwita Bwana Geti kwa sababu nusu ya mageti ya mtaa huu, na geti la kanisa lenyewe, ni kazi yake. Alipokuja kujitambulisha, baba yetu alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akamuuliza swali moja tu: "Kijana, umebatizwa?" Akajibu, "Ndiyo, baba." Baba akasema, "Basi lete cheti, tuandikishe ndoa."

Cheti hakikuja. Mara parokia ya kwao iko mbali, mara padri amehamishwa, mara mchwa wamekula rejista. Mimba ya kwanza ilikuwa haingoji mchwa, kwa hiyo Ijumaa tarehe 10 Juni 1988 walifunga ndoa kwa msajili wa serikali, wakaahidi kwamba ya kanisani itafuata baada ya mwezi mmoja. Baba yetu alifariki mwaka 1995, na neno lake la mwisho kwa dada lilikuwa, "Cheti kimefika?"

Dada aliandika barua. Shemeji alimtajia parokia moja, akaandika, hawakuona jina. Akamtajia nyingine, hawakuona. Ya tatu walijibu kwamba wamelipata, na cheti chenyewe kikatumwa kwa posta. Dada aliimba wiki nzima, akaninunulia hata soda, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akavaa miwani akasoma vizuri: mbatizwa kwenye cheti kile alizaliwa mwaka 1919. Shemeji alikuwa na miaka thelathini na minane wakati huo. Akasema anawahi kazini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya shemeji yangu ilikuwa ndefu kupita maelezo, maana alitembea juu yake kila Jumapili akimsindikiza mkewe kanisani, akasali vizuri kuliko sisi tuliobatizwa, akachomelea vinara vya mishumaa bila malipo. Nani angemshuku? Mapadri watano walipita hapa, wote walidhani tatizo ni karatasi.

Mwezi Septemba 2022 dada alianza kuumwa tumbo, na Oktoba tukaambiwa ni saratani. Alifanyiwa upasuaji. Akiwa wodini, kitanda cha dirishani, aliniomba karatasi na kalamu. Alitaka kuandikia parokia ya nne. Shemeji alikuwa ameingia na chupa ya uji. Aliitazama ile karatasi, akaweka chupa chini, akasema, "Mama watoto, usiandike."

"Kwa nini nisiandike?"

"Hakuna kitabu chenye jina langu. Sijabatizwa."

Dada akamtazama. "Hujabatizwa wapi?"

"Popote. Baba yako aliponiuliza niliogopa angenifukuza. Nikasema ndiyo. Baadaye nikawa naogopa wewe."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Dada alicheka hadi mshono ukamuuma, akashika tumbo, kisha akalia, kisha akageukia dirishani. Siku mbili hakusema naye. Mimi, sitaficha, nilimsema shemeji kwenye korido ya hospitali hadi muuguzi akanitoa nje. Niliona miaka yote ile ya ukutani, niliona baba yetu anakufa akiuliza, nikatamani ile chupa ya uji imwangukie mguuni. Naomba radhi mbele yenu, shemeji. Nilikuwa na haki ya kukasirika, lakini sikuwa na haki ya kusema yale ya mwisho.

Siku ya tatu dada alinikalisha kitandani. Akaniambia, "Mdogo wangu, nimemngoja mtu huyu aseme kweli bila mimi kujua kwamba nangoja. Leo amefika. Wewe unataka nimfukuze mlangoni?" Nikamwambia amechelewa mno. Akasema, "Kawia ufike. Mwite padri."

Paroko alikuja jioni hiyohiyo. Aliwasikiliza wote wawili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema Mkatoliki anaweza kufunga ndoa na asiyebatizwa. Inatakiwa ruhusa ya askofu tu. "Hata mwaka ule ingewezekana," akasema. "Mngesema tu." Ilikuwa kazi ya wiki tatu, na sisi tulikuwa tumeigeuza ya miaka thelathini na minne.

Ruhusa ilipatikana. Jumamosi tarehe 19 Novemba 2022 ndoa ilibarikiwa nyumbani, katika chumba cha cherehani. Kina mama walikuja kuandaa meza, na kwa kuwa kila mmoja alitaka kuiandaa yeye, kidogo wapigane. Mwenyekiti wao, mama muuza mkaa, ndiye aliyeshinda, akatandika kitambaa. Dada akasema kutoka kitandani, "Umekigeuza. Upindo unatazama juu." Wakakigeuza. Paroko akaanza. Dada akaungama, akala kiapo cha ndoa, akapokea Ekaristi kwa mara ya kwanza tangu 1988. Alifumba macho muda mrefu hadi tukaanza kutazamana. Kisha akafumbua akasema, "Haya, sasa nipeni chai." Sijawahi kufurahi hivyo maishani mwangu, wala sitegemei tena.

Tulidhani Mungu amempa siku chache za kuagia. Alimpa karibu miezi kumi. Tarehe 8 Desemba kina mama walimletea skafu ya bluu waliyoshona wenyewe, mwenyekiti akamwambia, "Mama Meza, usiangalie mishono, angalia upendo." Akaipokea kwa machozi, akaivaa siku nzima. Kesho yake asubuhi aliifumua yote akaishona upya.

Jumapili aliyorudi kanisani aliinuka ukutani na kuingia kwenye mstari, na kwaya ilipoteza wimbo. Yeye alikuwa anakumbuka utaratibu wa zamani, kwa hiyo alipofika mbele alipiga magoti. Kupiga ilikuwa rahisi, kuinuka ndiyo kazi. Mstari ukasimama. Mama muuza mkaa akamshika kwapa moja, mumewe, aliyekuwa amekaa bila kukomunika, akaja mbio akashika la pili. Wakamwinua huku yeye anacheka mbele ya altare, na Paroko naye akashindwa kujizuia. Tangu siku hiyo hakukosa kupokea hata wiki moja, na Alhamisi alipoweza kutembea alibeba kikapu chake kama zamani.

Mwezi Agosti mwaka huu wa 2023 maumivu yalirudi. Alipakwa mafuta ya wagonjwa Jumapili tarehe 10 Septemba. Jumanne tarehe 12, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani, mumewe akimlowanisha midomo kwa pamba, alimwambia, "Usiache mafundisho." Shemeji, ambaye sasa anasoma mafundisho ya ubatizo, akasema haachi. Dada akapumua taratibu mara kadhaa, akaishia hapo, bila kuhangaika. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, miezi saba na siku kumi.

Ameacha mume. Ameacha watoto watatu: binti muuguzi, kijana fundi umeme, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu. Ameacha wajukuu watano, wakwe wawili, sisi ndugu zake wanne, na kina mama mia na zaidi ambao sasa itabidi wajifunze kupiga pasi vitambaa vya altare bila kuviunguza.

Nimalizie na jambo la jana. Tulikwenda ofisi ya parokia, mimi na shemeji, kujaza fomu ya mazishi. Nilikuwa nimeshika kalamu mimi. Tulipofika penye hali ya ndoa ya marehemu, shemeji akaiomba kalamu. Mkono wake, mnaujua, umezoea chuma, na kalamu ilikuwa inamponyoka. Akaandika kwa herufi kubwa, AMEFUNGA NDOA KANISANI, maneno yakatoka nje ya kisanduku. Chini yake fomu inauliza kama mume amebatizwa, ndiyo au hapana. Katibu akamwambia, "Hapo unaweza kupaacha wazi, mzee, haina shida." Shemeji akatikisa kichwa. Akaweka alama kwenye hapana, akaikoleza mara mbili. Kisha pembeni, palipobaki nafasi ndogo, akaandika: Pasaka ijayo.

Dada yetu apumzike katika amani aliyoifikia.