Mwalimu Aliyeuliza "Umejuaje?"

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, siku ya manyunyu yaliyoanza alfajiri. Tarehe imetoka kwenye kadi ya kliniki. Manyunyu yametoka kwa shangazi yake, ambaye alitumwa kumwita mkunga akarudi na kiatu kimoja, cha pili kimebaki kwenye tope. Vyanzo vinatajwa hapa kwa sababu marehemu asingekubali wasifu usio na vyanzo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa karani wa posta na mkewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Akiwa darasa la tano alibishana na kaka yake kuhusu mabomba mawili ya mtaani, lipi linajaza ndoo upesi. Wengine wangebishana hadi wachoke. Yeye alibeba ndoo siku mbili, huku na kule, akihesabu kwa sauti. Mama yao hakuuingilia ubishi ule, maana pipa la nyumbani lilikuwa linajaa. Aliendelea na sekondari hadi mwaka 1981, kisha chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1984.

Januari 1985 alianza kufundisha lugha katika shule ya sekondari ambayo hakuihama mpaka alipostaafu Machi 2022. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kidato cha tatu: kuwafundisha vijana kutafiti jambo na kuandika insha ya hoja. Kila mwanafunzi alipewa kadi ishirini, ambazo Mwalimu alizikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya chaki. Kadi moja, jambo moja, na nyuma yake mahali lilikopatikana. Kabla ya kutetea upande wake, mwanafunzi alitakiwa kuandika hoja za mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angesema, hapo umenielewa. Pembeni mwa madaftari aliandika kwa wino mwekundu neno moja tu, "Umejuaje?", na wanafunzi wakampa jina hilo hilo, Bi Umejuaje. Kijana mmoja aliwahi kuandika kwamba watu wengi wanasema hivi na vile. Mwalimu alimtuma akawalete hao watu wengi. Alirudi na wanne, wawili wakiwa dada zake.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988 na fundi saa mwenye kibanda karibu na stendi. Siku ya kumchumbia, fundi alimwambia kwamba atampenda maisha yake yote. Naye akamuuliza, "Umejuaje?" Fundi akajibu, "Sijui. Ndiyo maana naomba nafasi ya kuchunguza." Uchunguzi ule ulidumu miaka ishirini na tatu, hadi fundi alipofariki mwaka 2011, na walijaliwa mtoto wa kike na wa kiume.

Marehemu aliagiza kwamba na kosa lake liandikwe. Alimwambia mdogo wake wa mwisho, aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, kwamba akiliacha atapata sifuri. Basi ni hili.

Septemba 1994 msichana mmoja wa kidato cha tatu aliwasilisha insha kuhusu wanafunzi wanaochelewa. Alidai hawachelewi kwa uvivu. Maji ya mtaani hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, na watoto hawaondoki nyumbani kabla ya kuchota. Alikuwa na jedwali la siku ishirini na moja, limenyooka kama kazi ya ofisini. Mwalimu aliisoma mara mbili. Akaona haiwezi kuwa kazi ya mtoto yule, ambaye hata mkono darasani alikuwa hanyooshi. Alimsimamisha mbele ya wenzake akamuuliza nani amemwandikia. Msichana akasema ameandika mwenyewe. Mwalimu akampa sifuri. Wiki iliyofuata msichana hakuja, na wala hakuja tena.

Miezi miwili baadaye mlinzi wa geti, katika maongezi tu, alimuuliza Mwalimu amekwenda wapi yule binti aliyekuwa akisimama naye kila asubuhi na daftari, akiwaandika wanaochelewa. Mwalimu alishika chuma cha geti. Siku hiyo hiyo alimtafuta, akamkuta kwenye duka la ushonaji, mtaa wa pili kutoka sokoni, anajifunza kushona. Alimwomba radhi mbele ya wateja. Msichana alimaliza kwanza pindo alilokuwa nalo kwenye cherehani. Kisha akasema, "Daftari nilikuwa nalo kwenye mkoba siku ile, Mwalimu. Hukuuliza."

Alimsihi arudi shule. Msichana alijibu kwamba darasa lile hawezi kuliingia tena. Mwalimu alikwenda mara nne zaidi, na mara zote nne jibu lilikuwa hilo hilo. Aliwaeleza wanafunzi wake wote alichokifanya. Mwaka uliofuata darasa jipya lilisimama getini likahesabu upya, hesabu ikaenda kwa mwalimu mkuu, na kengele ya asubuhi ikacheleweshwa dakika ishirini. Aliyestahili kuisikia alikuwa dukani, anashona. Tangu hapo, kwenye ukurasa wa kwanza wa madaftari yake ishirini na manane ya mahudhurio, limeandikwa neno "Hukuuliza". Hakumpa mwanafunzi alama tena kabla ya kumkalisha na kumsikiliza.

Agosti 2023 alianza kuumwa tumbo. Madaktari waligundua saratani ya ini. Alimwomba daktari amwonyeshe picha na kumweleza amejuaje, na alipoelezwa alishukuru, akarudi nyumbani akapanga karatasi zake. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, chumbani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, kaka yake, wadogo zake wawili, na shangazi yule wa kiatu, ambaye ana miaka themanini na minane na amekaa mstari wa mbele. Ameacha pia wanafunzi ambao idadi yao ipo, kwa kuwa aliitunza: elfu nne mia mbili na sita. Mungu ampokee, na usingizi wake uwe mtulivu.

Limebaki moja, na aliagiza lisomwe mwisho.

Mei mwaka huu alimtuma mdogo wake kwa yule mshonaji, ambaye sasa ana duka lake mwenyewe. "Usimwombe aje," alisema. "Mwambie tu naumwa." Mshonaji alisikiliza, akaendelea kukata kitambaa. Lakini Alhamisi, tarehe 30 Mei, siku ya jua kali na upepo, alibisha hodi. Mwalimu hakuwa na nguvu ya kukaa. Alisema, "Mwanangu, naomba nilione daftari lako." Mshonaji alilitoa kwenye mkoba, jalada la bluu limepauka, akasema, "Nilidhani hutaliulizia." Walikaa wawili, mlango umefungwa, mpaka saa kumi na mbili jioni. Alipoondoka, daftari lilibaki.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu aliomba mito miwili mgongoni, miwani, na kalamu nyekundu. Alijumlisha upya siku zote ishirini na moja, mdogo wake akimfungulia kurasa. Alipofika siku ya kumi na tatu alisita. Akaandika pembeni: "14 na 27 ni 41, si 42." Akatoa alama 96 kwa 100. Kisha akashuka hadi chini ya orodha ya mwisho ya waliochelewa, kwenye mstari uliokuwa mtupu, akajaza safu zote tatu. Jina: Mwalimu. Muda aliochelewa: miaka ishirini na tisa na miezi minane. Sababu: hakuuliza.