Besi Wakisimama

Nje ya banda la Mutabazi, fundi baiskeli wa Nkwenda, kuna benchi ambalo halijawahi kulaza hoja. Jumatano hiyo ya Juma Kuu, Anastazi, kiongozi wa besi, sauti nzito ya kwaya, alikalia ncha yake huku kahawa ikipoa mkononi. Mwalimu Mackrine wa kwaya alishatamka: ule wimbo wa Kilatini, wa miaka mia nne na ushee, ukianguka tena mazoezini leo jioni, Ijumaa Kuu hauimbwi. Na wanaouangusha ni besi. Yaani yeye! Naye, jamani, aliutaka wimbo ule mpaka ndotoni.

— Hebu eleza, Besi, unaanguka wapi? alianza Cleophace, waliyemwita DC kwa kupenda kufungua vikao.

— Tunaanza sisi besi, peke yetu. Hakuna kinanda, hakuna ngoma. Wale wa teno wanaingia nyuma yetu na maneno yaleyale, halafu alto, halafu soprano. Sasa mimi nikisikia wako nyuma, nasimama kidogo wanifikie.

— Si adabu hiyo? Ukilima ukamtangulia jirani, unamngoja!

— Ndivyo nilivyolelewa, DC. Lakini nikisimama tu, kwaya nzima inasambaratika.

Mutabazi, yaani Spana, akaweka chini tairi.

— Kosa ni la mtunzi. Wanakwaya wake walinuniana, akampa kila mtu njia yake wasikutane. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Nyoka kaingiaje kwenye kwaya, Spana? Anastazi akauliza.

— Kaingia, wewe tulia.

— Mimi nasema ni njaa, DC akakohoa. Chakula kilikuwa cha zamu. Aliyewahi kushiba ndiye anaanza, wengine wanamfuata wakijipangusa midomo. Na ngoma unaiona? Huioni! Ngozi yake walishaichemsha. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Spana alicheka mpaka akashika mbavu. Anastazi hakucheka.

— Nyie hamjausikia. Huyu anapanda, yule anashuka, hakuna mdundo wa kukushika mkono, halafu mwishoni wote wanatua pamoja. Juzi tulifika nusu tu, machozi yakanitoka. Wimbo huu nitauimba!

Hapo mama mmoja muuza karanga, Nyirabageni wa Nyakatuntu, alikuwa ametua ungo wake kupumzika.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Samahani, nimewasikia. Wewe wa mbele ukisimama kuwangoja, hao wa nyuma wanamfuata nani?

Spana akainama kwenye birika la kahawa, akalitikisa, akalirudisha. Anastazi akamtazama yule mama, kisha akaweka kikombe benchini na kusimama.

— Unakwenda wapi? Mazoezi si jioni?

— Kwa besi wenzangu, mmoja mmoja. Wajue leo hatungoji mtu.

Akashika barabara, na hatua chache mbele akaanza ule mstari wa kwanza, kwa sauti yake nzito, peke yake.

— Besi! DC akaita. Tungoje basi, hujamaliza kahawa!

Alisikia vizuri kabisa. Akaendelea na mstari wa pili.